Slesi Moja kwa Dola Nane



Kurasa hizi zimezoea kuhakiki diwani za mashairi, riwaya na, mara mojamoja, kanda za taarabu. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tuhakiki mkate. Hatufanyi mzaha. Kitu chochote ambacho mtu amekitengeneza kwa ustadi, akakitangaza mbele ya watu na kudai kwamba kinazidi vya wenzake, kimejileta chenyewe mizanini. Na katika miji ya Marekani siku hizi ni vitu vichache vinavyojidai kama slesi ya mkate wa chachu iliyochomwa, ikapakwa siagi, ikauzwa kwa bei ya kilo kadhaa za mchele.

Tuanze kwa kueleza tunazungumzia nini. Mkate wa chachu ni mkate usiotiwa hamira ya dukani. Unga na maji huchanganywa na kuachwa siku kadhaa mpaka mchanganyiko utoe mapovu na harufu kali. Hiyo ndiyo chachu mama. Hulishwa unga na maji kila siku kama mfugo, na kila siku ya kuoka humegwa kipande kikatiwa katika donge jipya. Kwetu jambo hili si geni. Anayetoka Songea anaijua togwa, anayetoka magharibi ya Kenya anaujua uji uliochachuliwa, na majirani zetu Wasomali wana anjera yao. Lakini lugha yetu ina tabu kidogo na jambo hili. Chachu tunaisifu, hata tunaiita chachu ya maendeleo. Chakula kilichochacha tunakimwaga. Ladha ambayo Mmarekani anaipangia foleni, sisi ulimi wetu umefundishwa kuishuku. Tunalitaja hili mapema ili msomaji ajue wahakiki wake wamekuja na ulimi wa namna gani.

Mji wa San Francisco na mkate wa chachu ni kama Zanzibar na karafuu: ukitaja kimoja, cha pili kinakuja chenyewe. Duka la Boudin lilianzishwa mjini humo mwaka 1849, wakati watu walipomiminika California kutafuta dhahabu, na mwanzilishi wake, Isidore Boudin, alikuwa Mfaransa. Duka lenyewe husimulia kwamba tetemeko la ardhi na moto wa 1906 vilipouangamiza mji, Louise Boudin aliiokoa chachu mama kwa kuitia ndooni. Wachimba dhahabu waliokwenda baadaye kaskazini, Klondike na Alaska, walisafiri na chachu zao hata wenyewe wakabandikwa jina la mkate huo.

Sisi ni mafundi wa mitambo kwa kusomea, na hadithi za ndoo hazitutoshi. Tunataka kujua kitu kinafanyaje kazi. Bahati nzuri jibu lipo. Mwaka 1971, Leo Kline na T. F. Sugihara wa maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Albany, ng'ambo ya pili ya ghuba, walichapisha uchunguzi wao wa chachu ya San Francisco. Walikuta ndani yake wanaishi majirani wawili, hamira ya mwituni na bakteria. Bakteria anapenda sukari iitwayo maltosi, na hamira ile haiigusi sukari hiyo, kwa hiyo hawagombei sahani moja. Bakteria anatoa asidi, hamira inaivumilia, na wageni wengine waharibifu wanashindwa kukaa. Ni ujirani mwema ambao vyama vyetu vingi vya ughaibuni vingefaa kuusoma. Bakteria huyo alipewa jina la mji. Baadaye wataalamu walimkuta katika chachu za Ulaya vilevile, kwa hiyo San Francisco inamiliki jina lakini haimiliki siri.

Tufike sasa dukani. Ni duka dogo la mtaani, upande wa magharibi wa mji, karibu na bahari, mahali ambapo ukungu huingia asubuhi na mapema na hauna haraka ya kuondoka. Jina lake hatulitaji, kwa sababu mengi tutakayoyasema yanahusu aina nzima ya maduka haya kuliko mwenye duka mmoja. Tulikwenda Jumamosi, saa tatu asubuhi, watu watatu: sisi, mwenzetu wa nyumbani ambaye amezaliwa Lamu, na mzee mmoja wa jumuiya yetu, mzaliwa wa Tanga, ambaye alipata kufanya kazi katika bekari ujanani mwake. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango.

"Bwana mdogo," akasema mzee, "hii ni foleni ya mkate au ya viza?"

Ndani mna viti sita virefu, meza moja ndefu ya mbao, na tanuri inayoonekana nyuma ya kioo. Ukutani yameandikwa maneno manne tu: unga, maji, chumvi, muda. Orodha ya vyakula nayo ni fupi. Tosti ya siagi na chumvi, dola 8. Tosti ya jemu, dola 9. Tosti ya mdalasini na sukari, dola 9. Tosti ya parachichi, dola 14. Kahawa zipo za namna saba. Chai ni mfuko wa karatasi ndani ya kikombe cha maji ya moto, na maziwa baridi pembeni. Juu ya chai hiyo tutanyamaza, maana mwenzetu wa nyumbani alikwisha kuyasema yote kwa macho yake.

Tuliagiza tosti ya siagi, ya jemu na ya mdalasini. Pamoja na hizo tulinunua mkate mmoja mzima, gramu 900 hivi, kwa dola 12, ili twende kuupima nyumbani kwa utulivu. Mhakiki hapaswi kuhukumu riwaya kwa ukurasa mmoja uliosomwa wakati watu wanamsukuma mgongoni.

Mkate kwanza. Mkate huu ni kazi ya fundi. Gamba lake ni la rangi ya kahawia iliyoiva sana, karibu na kuungua lakini haijaungua, na ukiligonga chini kwa kidole linatoa sauti ya ngoma tupu, dalili kwamba ndani mmeiva na unyevu wa ziada umetoka. Ukikata, unakuta matundu makubwa na madogo yaliyochanganyika, na kuta za matundu zinang'aa kidogo. Ukali wake upo, lakini unakuja mwishoni, baada ya utamu wa ngano, kama ndimu iliyokamuliwa kwa mkono wenye busara. Ulimi wetu uliokuja na shaka ulisalimu amri kwa kipande cha pili. Mzee aliliinua gamba akalinusa.

"Huu ni ukoko," akasema. "Ukoko wa ngano. Watoto wangeugombania."

Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyelelewa kwenye sufuria ya wali.

Kijana wa kaunta, ambaye alikuwa mpole sana licha ya foleni, alituambia kwamba tangu donge linapokandwa mpaka mkate unapotoka tanurini hupita saa 30. Ili kuipima hesabu hiyo, tukumbuke upande wa pili wa dunia ya mkate. Mwaka 1961 Waingereza walibuni huko Chorleywood njia ya kukanda unga kwa mashine zenye nguvu nyingi, hata unga ukaweza kuwa mkate uliofungwa kwenye pakiti kwa muda wa saa tatu na nusu hivi. Njia hiyo na jamaa zake ndizo zilizoleta mkate laini, mweupe, uliokatwa tayari, ambao wengi wetu tuliujua utotoni kama mkate wa watu wenye uwezo. Hatuutukani. Ulilisha watu kwa bei nafuu, na jambo hilo si dogo. Lakini anayetumia saa 30 mahali ambapo mwenzake anatumia tatu na nusu, ametoa kitu, na kitu hicho kinaonekana mdomoni.

Mpaka hapo hatuna ugomvi na duka hili. Ugomvi unaanza kwenye tosti.

Tosti zililetwa juu ya ubao, bila sahani. Kila slesi ina unene wa dole gumba. Siagi imepakwa kwa ukarimu, na chembe kubwa za chumvi zimenyunyizwa juu. Kwa macho ni picha nzuri. Mdomoni, upande wa juu ulikuwa umekauka na kushika rangi vizuri, lakini katikati palikuwa na unyevunyevu, kama wali ulioteremshwa jikoni kabla haujapikika. Siagi ilikuwa imetoka moja kwa moja kwenye baridi, kwa hiyo ilikaa juu kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Ya mdalasini ilikuwa bora kuliko zote tatu, kwa sababu sukari iliyoyeyuka ilifunika makosa. Tukamuuliza kijana kama mkate wa tosti ni wa jana.

"Hapana," akajibu kwa fahari. "Sisi tunatumia wa leo asubuhi tu."

Hapo ndipo lilipo kosa, na duka linalihesabu kuwa sifa.

Kwa nini mkate huwa mgumu? Wengi wetu tunadhani umepoteza maji. Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha tangu mwaka 1852 kwamba mkate unachakaa hata ukizuiwa usipoteze maji. Wanga ulioiva tanurini, ukishapoa, unaanza kujipanga upya na kukakamaa. Ukiupasha joto la nyuzi 60 hivi na zaidi, unalegea tena. Ndiyo maana mkate wa jana ukichomwa unarudiwa na uhai, na ndiyo maana jokofu ni adui wa mkate, kwa kuwa wanga hukakamaa haraka zaidi kwenye baridi ile. Rangi ya kahawia na harufu ile ya tosti ni kazi nyingine kabisa, mwingiliano wa sukari na protini ambao Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Mwingiliano huo unataka joto la nyuzi 140 hivi ili uende kwa kasi. Lakini uso wa mkate ulio na maji hauwezi kupita nyuzi 100 kabla maji hayajatoka. Mkate wa leo una maji mengi ya kufukuza. Mchomaji ana njia mbili tu: asubiri, au aunguze juu aache katikati mbichi. Mwenye foleni ya kutoka nje ya mlango hasubiri.

Tulilipima jambo hili nyumbani. Ule mkate mzima tulikata slesi mbili jioni ileile na mbili siku ya pili, unene uleule, kibaniko kilekile, dakika zilezile. Siagi tuliiacha mezani mpaka ikalainika. Za jioni zilitoka kama za dukani. Za siku ya pili zilikuwa chakula cha aina nyingine: juu zimekauka na kuvunjika kwa sauti, ndani ni laini bila kunata, na ukali wa chachu umesimama wima kando ya utamu wa siagi. Mwenzetu wa nyumbani alikula mbili akaomba ya tatu, na yeye si mtu wa mkate.

Kwa hiyo hukumu yetu ya kwanza ni hii: duka hili linaoka mkate wa daraja la juu na kuuza tosti ya daraja la kati, kwa sababu limesahau tosti ni nini. Tosti kwa asili yake ni uokozi. Ni dawa ya mkate wa jana, ndugu yake kiporo kinachopashwa moto asubuhi kikaliwa na chai. Ni elimu ya nyumba zisizotupa chakula. Ukiigeuza kuwa kilele cha mkate mpya, umeitoa kwenye kazi yake, na imekulipa kwa unyevu katikati. Jambo la kusikitisha ni kwamba mikate ya jana ipo palepale dukani. Tuliiona katika kikapu karibu na mlango, inauzwa nusu bei, na hakuna aliyeitazama. Kikapu kile ndicho kilichopaswa kuingia katika kibaniko, na tosti yake ingeweza kuuzwa kwa bei ambayo mwanafunzi au mzee wa pensheni angeimudu.

Bei yenyewe sasa. Hapa tunawaomba wasomaji mtuvumilie, maana mafundi hupenda hesabu. Mkate wa dola 12 unatoa slesi tisa za unene ule. Kwa hiyo mkate ulio ndani ya tosti moja una thamani ya dola 1.33. Tuweke senti 30 za siagi na chumvi. Jumla haifiki dola 1.70. Zaidi ya dola sita zinazobaki ni za pango la duka, umeme, leseni, bima na mishahara. Tusizidharau. Katika mji wa San Francisco kima cha chini cha mshahara kimeshapita dola 18 kwa saa, na kijana yule mpole anastahili kila senti yake.

Lakini tazameni jambo lingine. Mkate uleule mmoja ukiuzwa mzima unaleta dola 12. Ukikatwa slesi tisa, ukachomwa dakika chache na kuwekwa juu ya ubao, unaleta dola 72. Saa 30 za fundi zina thamani ya dola 12, na dakika tatu za kibaniko pamoja na siagi zinaongeza 60. Tulimwuliza kijana kuhusu hesabu hiyo, akacheka.

"Mkate peke yake haulipi kodi ya jengo," akasema. "Tosti ndiyo inayoulipia mkate."

Jibu hilo ni la kweli na tunalipokea. Maana yake ni kwamba mteja hayuko tayari kuulipia ustadi wenyewe, lakini yuko tayari kulipia kiti, ubao, muziki na kuonekana ameketi hapo. Fundi, ambaye si mjinga, ameficha gharama ya ustadi wake ndani ya maonyesho. Ukutani ameandika kwamba anauza muda. Kwenye risiti muda umeuzwa kwa bei ya kutupa.

Mambo hayakuanza hivi. Wanaofuatilia habari za mji huu wanakumbuka kelele za mwaka 2013 kuhusu tosti ya dola nne. Duka liitwalo The Mill lilifunguliwa mwaka huo katika barabara ya Divisadero, na mwokaji wake ni Josey Baker, ambaye jina lake la ukoo linamaanisha mwokaji na si la kubuni. Alianza kwa kuoka nyumbani kwake baada ya rafiki kumpa chachu. Tosti yake ya dola nne ikafanywa alama ya kila kilichowaudhi watu kuhusu utajiri wa kompyuta uliokuwa unapandisha kodi za nyumba. Leo dola nne hizo zinaonekana kama sadaka.

Lakini mwandishi John Gravois, katika makala aliyoichapisha Januari 2014 kwenye jarida la Pacific Standard, aliufuata mtindo huo wa tosti mpaka kwenye chanzo chake mjini humo, akafika kwenye kibanda kidogo kiitwacho Trouble Coffee, karibu na bahari. Mwanzilishi wake, Giulietta Carrelli, alikifungua mwaka 2007. Alieleza waziwazi kwamba anaishi na maradhi ya akili yanayomfanya mara nyingine apotee hata kwa nafsi yake, na kwamba duka lile lilikuwa njia yake ya kubaki anajulikana na watu wa mtaa. Aliuza kahawa, madafu na tosti nene za mdalasini. Tosti aliiweka kwa sababu ni chakula cha faraja, chakula ambacho hakuna mtu anayekikasirikia. Basi mzizi wa mtindo huu ulikuwa mtu aliyehitaji majirani. Wengine walichukua tosti, wakaacha majirani.

Hapo ndipo mahali pa kulipima duka letu la Jumamosi kwa haki. Je, ni la mtaa? Watu ishirini walikuwa kwenye foleni na tulihesabu wawili tu waliosalimiana. Mzee wetu, ambaye kwa tabia ya kwao hawezi kusimama nyuma ya mtu dakika kumi bila kumjulia hali, alimsalimu bwana aliyekuwa mbele yetu, na bwana yule akatoa vifaa vyake masikioni kwa mshangao. Wakaongea. Ikatokea kwamba bwana huyo anaishi nyumba ya tatu kutoka dukani na huja kila wiki, na hamjui mwokaji kwa jina. Duka linaitwa la mtaani kwa sababu liko mtaani. Ni haki kulisema hilo, na ni haki pia kusema kwamba kosa hilo si la mwokaji peke yake.

Sasa tugeuze mizani, maana uhakiki unaowapima wengine tu ni umbea.

Katika Ghuba hii yetu, ambayo si ile ya ndugu zetu wa Maskati na Dubai, tunao mafundi wetu. Kila msomaji anamjua angalau mmoja: mama ambaye kila harusi, kila Idi, kila hitima na kila sherehe ya mtoto kuhitimu, simu yake ndiyo inayolia kwanza. Anapika sambusa, mikate ya ufuta, mandazi, vileja. Anapika mkate wa kumimina. Hebu tuuhakiki mkate huo kwa kipimo kilekile tulichomwekea Mmarekani. Mchele unalowekwa tangu usiku. Asubuhi unasagwa na tui zito mpaka usiwe na chenga. Unatiwa hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke, na hapo mpishi hana ratiba, anasubiri uji wenyewe useme uko tayari. Ukipitiliza, umechacha. Ukiwahi, utakaa kama tofali. Kisha moto wa chini na moto wa juu, na jicho lisilobanduka. Hii ni kazi ya muda na vijidudu hai, sawasawa na ile ya chachu, na kwa maoni yetu ni ngumu zaidi, kwa sababu mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa.

Mama huyu anaambiwaje anapotaja bei? Sote tumesikia. "Dada, si mchele na nazi tu?" "Mama, kwa sisi fanya bei ya ndugu." "Mbona nyumbani Zanzibar sinia zima ni shilingi kadhaa?" Mtu huyohuyo anayeyasema haya amesimama Jumamosi katika foleni, akalipa dola 8 kwa slesi moja yenye unyevu katikati, akaongeza bakshishi kwa kubonyeza kioo, na hakumwambia mwokaji kwamba ngano ni rahisi. Kwa Mmarekani tunalipia mpaka ubao. Kwa mama tunahesabu nazi.

Wapo watakaotujibu kwamba undugu ni undugu, na kwamba tukianza kulipana bei za dukani tutakuwa tumeuza utu wetu. Hoja hiyo ina uzito na hatuipuuzi. Jirani kumpelekea jirani sahani ya futari hakuna bei, na isiwe nayo kamwe. Lakini sambusa 300 za harusi si sahani ya futari. Ni siku mbili za kusimama, za mama ambaye naye analipa kodi ya nyumba katika mji uleule wa mwokaji. Undugu unaodaiwa kwa mpishi na usiodaiwa kwa mwenye ukumbi, mpiga picha wala mwenye magari ni jina zuri la kumpunja mtu mmoja.

Wengine watasema wapishi wetu hawana leseni, kwa hiyo hawawezi kutoza kama duka. Hilo nalo lina jibu. California ina sheria, iliyoanza kutumika Januari 2013, inayomruhusu mtu kuoka nyumbani kwake na kuuza vyakula visivyoharibika haraka, kama mikate na biskuti, baada ya kujiandikisha au kupata kibali cha kaunti. Sheria nyingine iliyotiwa saini mwaka 2018 inaruhusu hata vyakula vilivyopikwa, vikiwamo vya nyama, kuuzwa kutoka jiko la nyumbani, pale kaunti inapokubali. Mwokaji wa tosti ya dola nne naye alianzia jikoni kwake. Tofauti kati yake na mama zetu si ustadi. Ni kwamba wateja wake wa kwanza, majirani zake, walimlipa.

Tumalize hukumu. Mkate wa duka lile tunausifu bila masharti, na tunawashauri wasomaji waununue mzima, wakae nao mpaka kesho yake, kisha wauchome wenyewe nyumbani, siagi ikiwa imelainika. Kwa dola 12 watapata slesi tisa bora kuliko ile ya dola 8. Tosti ya duka tunaipa nusu ya alama, na tunamshauri mwenye duka akitazame upya kile kikapu chake cha karibu na mlango. Kwa kuwa ameandika neno muda ukutani, aliandike na kwenye bei ya mkate wenyewe. Sisi tutalipa.

Na kwa jumuiya yetu tunatoa ushauri mmoja tu. Idi ijayo, utakapompigia mama simu kuagiza mkate wa kumimina, mwulize kwanza ameloweka mchele saa ngapi. Ukishalisikia jibu, ndipo umwulize bei.